Meno Sita ya Mama Spika

Jumatano, 5 Februari

Kaka Futi,

Shikamoo. Na wewe Mama, shikamoo, maana najua umekaa mezani umeshika kikombe na Kaka anakusomea.

Picha ya taya imefika salama. Kondakta wa basi aliifunga katikati ya magazeti kama mlivyomwagiza. Nimeipachika kwenye kioo cha dirisha la maabara nikaitazama asubuhi nzima. Daktari wenu hakutia chumvi. Yale meno sita ya mbele ya chini, ambayo ndiyo pekee aliyobaki nayo Mama, yameoza shingoni, pale fizi iliposhuka na mzizi ukabaki wazi. Jino kwa juu lina gamba gumu, lakini mzizi hauna. Asidi kidogo tu inaula. Ndiyo maana kile chuma chembamba cha Daktari kilizama alipochokoa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuzama si mwisho. Madini yaliyotoka kwenye mzizi yanaweza kurudi, na mzizi ukawa mgumu tena. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa kila siku, kwenye mizizi ya meno yaliyong'olewa kwa watu nisiowajua. Daktari ametupa muda hadi mwezi wa sita. Chuma kikizama tena, atayang'oa yote. Kikiteleza, yanabaki. Na lazima yabaki, kwa sababu taya la chini la Mama limeshakuwa jembamba mno, meno ya bandia hayatapata pa kushika. Yatamchezea mdomoni. Sasa Mama atatangazaje "basi la saa sita" pale stendi na meno yanacheza?

Nimetuma tyubu moja ya dawa ya floridi, ile nzito, si hii ya dukani. Asubuhi na jioni apake kwenye mizizi kwa kidole, ateme, asisukutue. Halafu Kaka, tafadhali nenda kibandani kwake ukaangalie droo iliyo chini ya maiki. Vidonge vyake vya presha vinamkausha mdomo, na mtu mwenye mdomo mkavu anayeongea kutwa nzima lazima ajitafutie cha kumumunya. Mama, usinikunjie uso.

Najua simu ipo. Lakini ni Mama mwenyewe aliyetoa hukumu siku ile tulipofokeana mpaka akatunyang'anya simu: kwenye simu mnabweka, kwenye karatasi mnafikiri. Basi nafikiri.

Kitinda

*

Ijumaa, 14 Februari

Kitinda,

Marahaba. Ulipaswa kuwa askari mpelelezi wewe, umepotea njia tu.

Nilikwenda kibandani saa ya mapumziko. Kibanda unakijua: kiti kimoja, maiki, ratiba ya mabasi ukutani, na yeye mwenyewe Mama Spika kajaa pale kama jaji. Nikavuta droo, ikakwama. Nikavuta kwa nguvu, ikaja yote mapajani mwangu. Peremende! Za mnanaa, za limau, za maziwa, mpaka zile nyekundu za watoto. Eti ni za abiria wenye watoto wanaolia. Nikamwuliza, na maganda haya matupu je, abiria wanakurudishia? Akawasha maiki akatangaza basi ambalo hata muda wake haujafika, ili mradi nisiendelee kusema.

Lakini jioni nilipoisoma tena barua yako mezani, alinikatiza pale ulipoandika kwamba asidi inaula mzizi. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasimama, akachukua mfuko wote wa peremende aliorudi nao kutoka kibandani, akaumwaga kwenye pipa la taka la nje, akamwagia na majivu juu ili asishawishike. "Mwandikie Kitinda kwamba kuanzia leo ni maji tu." Unamjua Mama akisema basi ni basi. Sasa anakwenda kazini na chupa ya maji, kila baada ya tangazo anapiga funda moja.

Tyubu anaitumia. Analalamika ina ladha ya sarafu, na pale palipoandikwa "usimeze" pamemtia wasiwasi. Anauliza hakuna kitu cha mmea, kitu ambacho mtu akikimeza kwa bahati mbaya hafi? Nimeahidi kukuuliza.

Jambo lingine. Mkuu wa stendi ameshasema mara mbili kwamba kuna mashine ya sauti, unaiandikia ratiba inatangaza yenyewe, haiugui wala haiombi likizo. Mama anacheka. Mimi sicheki. Miaka thelathini na moja watu wa mji huu wanasafiri kwa sauti yake, na kila saa anayoitaja ina s ndani yake. Akianza kupiga miluzi kwenye "saa sita" wataleta hiyo mashine kesho yake.

Mimi nashona sare za shule tu siku hizi, mpaka ndotoni naona marinda.

Kaka yako,
Futi

*

Jumamosi, 22 Machi

Kaka, Mama, shikamooni nyote wawili!

Mama aliuliza kama hakuna kitu cha mmea. Kipo! Mbegu za zabibu, zile tunazozitema.

Ngoja nieleze. Nina vipande sitini vya mizizi, kila kimoja kama punje ya mahindi. Kila siku navitia kwenye asidi, kisha kwenye maji yenye madini, kisha tena asidi, kama mdomo unavyopata tabu mtu akila na kupumzika akipumzika. Ishirini navipaka floridi. Ishirini navipaka unga wa mbegu za zabibu niliokoroga kwa maji safi ya mashine, maji yasiyo na kitu chochote ndani. Ishirini vinapata maji matupu. Jana nilipima ugumu. Vya maji matupu vimelegea kama biskuti iliyolowa. Vya floridi viko imara. Na vya mbegu, Kaka, viko imara kuliko vya floridi! Nilipima mara tatu.

Wewe ni fundi, utanielewa. Mzizi ni kama kitambaa kilichopigwa wanga. Kuna nyuzi, na kuna wanga unaokifanya kisimame. Madini ndiyo wanga. Floridi hurudisha wanga. Mbegu hushika nyuzi zenyewe zisifumuke. Ila hapa naona mbegu zimefanya yote mawili, jambo ambalo sijalielewa vizuri, lakini vipimo vimesema. Profesa ameshanipangia nisimame mbele ya jopo tarehe kumi Juni. Wakikubali, nalipiwa masomo miaka mitatu mingine.

Kwenye mzigo huu nimeweka kopo la dawa ya mbegu. Apake asubuhi na jioni, vilevile. Na ile tyubu acheni. Kabisa. Msichanganye. Nataka tuone mbegu peke yake inafanya nini kwenye mdomo wa mtu. Mama, hii hata ukiimeza hufi.

Kitinda

(Kaka, kikaratasi hiki usikisome mezani. Profesa hajui kwamba nimechota kopo. Dawa hii haijawahi kupakwa kwa mtu. Lakini nina hakika nayo, kwa hiyo tulia.)

*

Jumatatu, 28 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Hapa hatujambo. Dawa ya mbegu inatumika kama ulivyoagiza. Meno yamekuwa ya kahawia, Mama anasema amefanana na mvuta kiko. Kazi nyingi, sare, mikunjo, vishikizo. Mama anakula uji wake vizuri na anakusalimia sana. Wewe soma, jiandae na jopo lako, usiwe na wasiwasi na huku.

Futi

*

Ijumaa, 9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Tangu lini wewe unaandika barua ya mistari sita? Wewe ambaye ukielezea kitufe kilichopotea unajaza karatasi mbili?

Na uji wa nini? Mama hapendi uji, hata alipokuwa na homa tulikuwa tunambembeleza. Mtu anakula uji kila siku kwa sababu hawezi kutafuna. Mnanificha, na mnanificha vibaya.

Nitasema ninachofikiri, na nisomee mezani hivi hivi. Dawa ya mbegu inafanya kazi. Nimeipima, ninazo namba. Kama mizizi inalegea hapo nyumbani basi kuna kitu kinaingia mdomoni ambacho sikuambiwa. Mama, peremende hizo umezihamishia wapi? Kwenye mkoba? Kwa yule mwenzako wa dirisha la tiketi? Mimi huku sipati usingizi kwa ajili ya meno yako, na wewe unamumunya sukari halafu mnaniandikia hamjambo. Si haki. Naomba uache, na safari hii uache kweli.

Kitinda

*

Jumamosi, 17 Mei

Kitinda,

Sikuanza na marahaba, na nimefanya makusudi.

Nilisoma barua yako mezani kama ulivyotaka. Nilipofika kwenye "umezihamishia wapi" Mama alikiweka kikombe chini, akainuka, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Kesho yake akaniletea mkoba wake, akaugeuza juu chini mbele yangu: funguo, kitambaa, miwani, vidonge, chupa ya maji. "Mwandikie alichokiona kaka yake."

Tangu tarehe kumi na nne Februari mama yako hajatia peremende hata moja mdomoni. Hata moja, Kitinda! Kwenye sherehe ya mwenzake aliyestaafu walimpa keki, akaniletea mimi nikaila.

Sasa nitakwambia nilichoficha, na nilificha kwa sababu yeye alinikataza, ili usimame mbele ya jopo ukiwa na akili iliyotulia. Hadi mwisho wa Machi mizizi ilikuwa inakuwa migumu. Daktari mwenyewe alisema, akashangaa. Katikati ya Aprili ikaanza kulegea tena. Wiki mbili zilizopita jino moja la katikati likavunjika pale kwenye fizi, katikati ya tangazo. Stendi nzima ilisikia: "Basi la saa..." halafu kimya. Alikuwa ameshika kipande mkononi. Akamalizia tangazo. Jirani yake sasa linatikisika. Mkuu wa stendi ameshaileta ile mashine, ipo "kwa majaribio", inatangaza mchana, Mama anabaki na asubuhi.

Daktari aliniuliza swali moja tu: mliacha nini mwezi wa tatu? Nikasema, tuliacha tyubu. Akatikisa kichwa. Akasema ipo dawa moja ya kioevu, ina fedha na floridi pamoja, inapakwa dakika moja, inasimamisha kuoza na kuukaza mzizi. Ubaya wake inageuza palipooza kuwa peusi kama mkaa, na weusi hauondoki. Akapanga kuyapima yote tarehe sita Juni: ama chuma kiteleze, ama ayang'oe. Lakini dawa nyeusi lazima ipakwe mapema, isipopata siku kumi za kushika kabla ya hapo hakuna kitu.

Mama amekataa. Si kwa sababu ya weusi. Alimwambia Daktari uso kwa uso: "Mwanangu anafanya kazi hii, na mwanangu amesema mbegu peke yake, tusichanganye. Yeye anajua." Unaelewa? Umemsingizia, na bado anakuamini wewe kuliko mtu aliyemshika taya. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Neno litakalomtoa hapo alipo ni lako tu.

Kaka yako

*

Jumamosi, 24 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hii usiisome mezani. Nimeifunga kwa gundi pande zote nne, uifungue ukiwa peke yako kwenye cherehani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido. "Mliacha nini mwezi wa tatu." Swali hilo lilinifuata mpaka kwenye kabati la vifaa. Nikasema ngoja nikoroge mbegu upya, nipime mwanzo hadi mwisho kwa mkono wangu. Nikachukua chupa yangu ya maji safi, nikaenda kwenye mashine. Mashine ina vumbi, Kaka. Ina vumbi la miezi.

Hapa kuna mama mmoja msafishaji, tunamwita Mama Ndoo. Ananipenda kama mtoto wake. Nikamwuliza. Akasema, "Hiyo si ilikufa tangu Januari? Si nilikwambia usihangaike, chupa yako nitakuwa naijaza mimi?" Ni kweli, hilo la chupa aliniambia. Nilimshukuru. Kila asubuhi nilikuta chupa imejaa, nikadhani anaijaza kwenye mashine. Alikuwa anaijaza kwenye bomba la pembeni mwa korido.

Maji ya mji huu yanatoka kwenye visima virefu na yamejaa floridi. Watoto wa hapa wana mabaka ya kahawia kwenye meno kwa sababu yake. Nimeyaona mabaka hayo kila siku tangu nihamie, mimi, mtu wa meno, na sikuwahi kujiuliza. Maji ya vipande vya floridi na yale maji matupu nilikuwa nayachukua kwenye madumu ya kununua. Chupa ile ilikuwa ya kukorogea mbegu tu. Kwa hiyo mbegu zangu hazikuwahi kuwa peke yake hata siku moja. Nyuzi zilishikwa na mbegu, wanga ukarudishwa na bomba. Ndiyo maana vipimo vilikuwa vizuri kuliko vyote.

Na kopo nililowatumia niliandaa usiku wa siku ya kufunga mzigo, kwa maji ya dumu. Safi kabisa. Halafu nikawaambia acheni tyubu. Nilimwondolea Mama kitu kilichokuwa kinamponya nikampaka rangi. Jino lile nimelivunja mimi.

Mwambie akubali dawa nyeusi. Leo hii, ukimaliza kusoma. Lakini nakuomba, mwambie tu kwamba nimebadilisha mpango. Usimwambie sababu. Profesa bado hajui. Tarehe kumi nasimama mbele ya jopo, na nikisema sasa kila kitu kinafutwa, miaka miwili yote. Niache nipite hapo kwanza, halafu nitasema mwenyewe, kwa Mama na kwa kila mtu. Nisitiri kwa siku hizi kumi na saba tu.

Kitinda

*

Jumatatu, 2 Juni

Kaka, Mama,

Shikamooni. Hii isomwe mezani.

Siku tisa nimesubiri. Basi linakuja kila asubuhi na kila asubuhi nakwenda kumwuliza kondakta, sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa. Sijui kama barua ilifika. Sijui kama dawa ilipakwa. Siku kumi za Daktari zimeshaanza kwisha na mimi nimekaa huku naandaa picha za kuwaonyesha jopo, picha nzuri zenye rangi, na kila moja ni uongo.

Leo asubuhi nimeshindwa. Nimeingia ofisini kwa Profesa kabla hajavua koti, nikamwambia yote: mashine, chupa, bomba la pembeni. Akavua miwani. Akaniuliza ni vipande vingapi. Nikasema ishirini, lakini kulinganisha kote kumekufa. Akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye jedwali langu kutoka kona hadi kona, taratibu, bila hasira. Nikadhani yameisha. Ndipo nikamwambia kuhusu kopo nililolituma nyumbani. Hapo alisimama. "Vipande vya maabara ningekusamehe hata leo. Lakini mdomo wa mtu! Mdomo wa mama yako!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Jopo limefutwa. Fedha za masomo zinaisha Agosti, isipokuwa nikirudia kazi yote na ikasimama. Ila mizizi mipya haipo, kliniki zote za hapa zimeshatupa iliyokuwepo, na bila mizizi sina cha kurudia. Sawa. Nimeyataka mwenyewe.

Mama, sikiliza kutoka kwangu, si kwa Kaka. Nilikosea maji, nikakwambia uache dawa iliyokuwa inakuponya. Meno yalipolegea nikakusingizia peremende, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kukushuku wewe kuliko kuishuku chupa yangu. Nisamehe. Kama bado hujachelewa, nenda kwa Daktari sasa hivi, hata ukiacha chakula mezani. Apake hiyo nyeusi. Usinisikilize tena mimi, msikilize yeye.

Kitinda

*

Jumamosi, 7 Juni

Kitinda,

Mimi ndiye ninayeandika, kaka yako ameketi hapa ananinolea penseli.

Kila mzigo unaoshuka stendi hii hupitia kibandani kwangu kwanza. Ulisahau? Miaka yote hiyo barua zako nazipokea mimi, nazitia kwenye mkoba bila kuzigusa, kwa sababu zimeandikwa jina la kaka yako na zitasomwa mezani. Jumatatu ya tarehe ishirini na sita ikaja moja imefungwa gundi pande zote nne kama dawa ya panya. Nikasema, hapa kuna mtu anafichwa, na nyumbani tuko wawili tu. Nikaifungua.

Niliisoma kati ya basi la saa tatu na la saa tatu na nusu. La saa tatu na nusu nikalitangaza kwa sauti ile ile, hakuna abiria aliyejua kitu. Kisha nikazima maiki, nikalia. Halafu nikafunga kibanda nikaenda kwa Daktari, sikungoja kaka yako wala mpango wako uliobadilika. Nikamwambia paka. Akaniuliza kama najua yatakuwa meusi. Nikamwambia, baba, mimi nasikika, sionekani.

Mawili yalikuwa yameshapita. Lililovunjika na jirani yake, hayo aliyang'oa. Manne akayapaka. Yana weusi wa mkaa kweli, kaka yako alipoyaona mara ya kwanza alikosa pa kutazama. Jana, tarehe sita, akanilaza kwenye kile kiti akashika chuma chake. Nilifumba macho nikakamata mikono ya kiti. Kitu kikipita kwenye jino lako unakisikia ndani ya kichwa. La kwanza: krii, kikateleza. La pili, krii. La tatu. La nne. Daktari akacheka kabla yangu. Anasema manne yanatosha, meno ya bandia yatashikizwa hapo. Tyubu nimerudi kuitumia, na sasa naipenda ladha ya sarafu.

Kazini nimerudi kutwa nzima. Ile mashine ilitangaza basi lililokuwa limelala gereji, watu arobaini wakapanga foleni mbele ya nafasi tupu, wakamfuata Mkuu ofisini kwake. "Saa sita" yangu sasa ina mluzi mdogo. Watu wamezoea, na hata wasipozoea watapanda basi.

Sasa tuongee. Maji ni bahati mbaya, angeweza kukosea mtu yeyote anayependwa na msafishaji wake. Huyo Mama Ndoo usimguse wala usimnunie, mpelekee salamu zangu. Peremende ulinisingizia, na hilo linauma, nitalisamehe taratibu. Lakini kilichonikaa kooni ni ile "usiisome mezani". Meno ni yangu, Kitinda. Mdomo ni wangu. Kaka yako amenionyesha kile kikaratasi cha Machi: yeye ulimwambia kwamba dawa haijawahi kupakwa kwa mtu, mimi hukuniambia. Ulijua kilichoyavunja, ukataka nipone bila kujua. Ningekubali kuipaka dawa yako hata kama ungeniambia ukweli, tena ningejivunia kuwa wa kwanza. Wewe hukunipa nafasi hiyo.

Nilimkataza kaka yako kukujibu. Alikasirika, alishona siku mbili bila kusema nami. Nilitaka kuona kama barua ya pili itakuja bila kuitwa. Nilihesabu mabasi. Ilipokuja Jumatano haikuwa na gundi, nikaitia kwenye mkoba bila kuifungua, ikasomwa mezani jioni. Kaka yako alikwama mara mbili katikati, ikabidi nimmalizie mimi. Ndiyo maana unaipata hii.

Kwenye mfuko huu kuna kichupa nimekifunga kwa soksi. Ndani kuna meno yangu mawili na mizizi yake. Daktari anasema kwa juu imeoza lakini nusu ya chini ni nzima, na amekubali kuwawekea ninyi mengine atakayoyang'oa, Profesa wako amwandikie rasmi. Hayo mawili yatatoa vipande vingapi unajua wewe. Nimeyatia kwenye yale maji safi ya kuongezea betri, si ile asidi, nilimwuliza fundi mara tatu na nikamsomesha lebo kwa sauti. Ukivikata, vyangu viwekee alama, na matokeo yake uniandikie mimi kwa jina langu, mabaya na mazuri.

Kichupa nimekijaza mwenyewe.

Mama yako